Mtaa wa Mutanabbi: Uwanja wa Malumbano ya Vitabu

Utangulizi

Katika mji wa Baghdad, nchini Iraki, uko mtaa mmoja mfupi, usiofika hata kilometa moja, ambao umepata sifa kubwa kupita barabara nyingi pana za miji mikuu ya dunia. Unatokea kwenye Barabara ya Rashid, katika sehemu kongwe ya mji iliyo mashariki ya Mto Tigris, ule ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kwa jina la Hidekeli. Kutoka hapo unateremka hadi ukingoni mwa mto, iliposimama sanamu ya mshairi ambaye mtaa umepewa jina lake. Huo ndio Mtaa wa Mutanabbi, na biashara yake kuu ni vitabu. Vimo madukani, vimo mezani, na siku ya Ijumaa, ambayo kwa wenyeji ni siku ya mapumziko, vitabu hutandazwa hata chini barabarani, nao watu huja kwa wingi kuchagua, kupatana bei, kunywa chai na kuzungumza.

Mimi sikujaliwa kuukanyaga mtaa huo. Niliyo nayo ni ya kusoma, na msomaji anayo haki ya kuyapima hivyo. Lakini sikukusudia hapa kueleza mandhari. Nimekusudia kuhakiki sifa ambazo mtaa huu umekuwa ukipewa, kwa maana mtaa, kama lilivyo shairi, huweza kufasiriwa vibaya na wapenzi wake kuliko hata na adui zake. Sifa hizo kwa jumla ni tatu. Ya kwanza ni sifa ya jina, kwamba mtaa ni mtukufu kwa sababu ya utukufu wa Mutanabbi. Ya pili ni sifa ya usomaji, kwamba watu wa Baghdad ni wasomaji kuliko Waarabu wengine. Ya tatu ni sifa ya damu, kwamba mtaa ulishambuliwa ukafa ukafufuka. Kila moja ina ukweli wake, lakini hata zote tatu kwa pamoja hazitoshi.

Hoja yangu ni kwamba thamani ya mtaa huu imo katika jambo ambalo sisi washenga wa ushairi wa Kiswahili tunalijua vema, nalo ni malumbano. Kwetu, malenga mmoja hutupa shairi, mwingine akalijibu kwa bahari ileile, na hadhira ndiyo hakimu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijulikana kwa sanaa hiyo karne mbili zilizopita, na kurasa za mashairi katika magazeti yetu ziliiendeleza. Mtaa wa vitabu uliokamilika ni uwanja wa malumbano wa namna hiyo, ila wanaolumbana ni vitabu, na baadhi ya walumbi wamekwisha kufa miaka elfu moja iliyopita.

Waraka na Wauza Waraka

Kwanza yafaa tuondoe kosa moja la historia. Wako wanaosema kuwa mtaa huu umedumu tangu enzi za Makhalifa wa Waabbasi. Sivyo. Jina la Mutanabbi ulipewa mwaka 1932, katika utawala wa Mfalme Faisal wa Kwanza, na maduka mengi tunayoyasikia ni ya karne ya ishirini na baada yake. Baghdad yenyewe, iliyoasisiwa mwaka 762, ilitekwa na kuharibiwa na Wamongolia mwaka 1258. Baina ya soko la vitabu la Waabbasi na mtaa wa leo kuna pengo refu, na si haki kuliziba pengo hilo kwa fahari tupu.

Hata hivyo, desturi yenyewe ni kongwe kweli. Katika karne ya 9 mwandishi al-Yaqubi alieleza kuwa palikuwapo Baghdad maduka zaidi ya mia moja ya watu walioitwa warraqin. Neno hilo limetokana na waraqa, jani au karatasi, nalo ni ndugu wa neno letu waraka, ambalo mimi, mtumishi wa serikali, nimelitumia karibu kila siku ya kazi. Warraq aliuza karatasi, alinakili vitabu kwa mkono, alivijalidi na kuviuza. Duka lake lilikuwa mahali pa mazungumzo ya wanazuoni. Mmoja wa warraqin hao, Ibn al-Nadim, alitunga mwaka 987 kitabu kilichoorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua pamoja na habari za watunzi wake, akakiita al-Fihrist. Neno hilo nalo ni ndugu wa faharasa yetu. Kwa hiyo mwanafunzi anaposema kitabu, kalamu, karatasi, waraka na faharasa, ametaja kwa ulimi wa Kiswahili zana zilezile za soko lile. Hili halitufanyi Waarabu, wala halikipunguzii Kiswahili Ubantu wake. Linaonyesha tu kwamba tunazungumza habari za jirani tuliyebadilishana naye vitu kwa muda mrefu.

Inasimuliwa kuwa al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra aliyefariki karibu na mwaka 869, alikuwa akikodi maduka ya warraqin usiku ili akae humo asome mpaka kukuche. Inasimuliwa pia kuwa Mutanabbi mwenyewe, alipokuwa kijana huko Kufa, alikaa dukani mwa muuza vitabu akikitazama kwa muda mrefu kitabu kilichokuwa kinauzwa. Mwenye kitabu akamwambia kuwa kama anataka kukihifadhi moyoni, hiyo ni kazi ya mwezi mzima. Kijana akauliza atapata nini ikiwa amekwisha kukihifadhi. Akaahidiwa kitabu chenyewe, naye akakisoma kwa moyo kutoka mwanzo hadi mwisho, akaondoka nacho. Simulizi kama hizi haziwezi kuthibitishwa, lakini zaonyesha jamii ile ilimstahi msomaji wa namna gani. Ilimstahi msomaji asiye na fedha, ambaye duka la vitabu lilikuwa ndilo shule yake.

Jina na Mwenye Jina

Sasa tuitazame sifa ya kwanza. Abu al-Tayyib al-Mutanabbi alizaliwa Kufa mwaka 915. Jina lake la umaarufu lina maana ya mtu aliyejidai unabii, na alilipata kutokana na mkasa wa ujanani uliomtia kifungoni. Alikuwa mshairi wa sifa katika baraza la Sayf al-Dawla huko Aleppo kwa muda wa miaka tisa hivi, na mashairi yake ya wakati huo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa kilele cha ushairi wa Kiarabu. Baadaye akagombana na watu wa baraza, akaenda Misri mwaka 957 kwa mtawala aliyeitwa Kafur.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika hana budi kusimama. Kafur alikuwa mtu mweusi aliyepata kuwa mtumwa, akapanda kwa akili na uhodari wake hadi kuishika Misri yote mkononi. Hata jina lake lilikuwa la utumwani, maana kafuri ni kitu cheupe, na mtu mweusi kupewa jina hilo ni dhihaka. Mutanabbi alimsifu Kafur akitarajia kupewa jimbo alitawale. Alipolikosa, alitoroka Misri mwaka 962, akatunga mashairi ya kashifa dhidi ya mtu yuleyule aliyemsifu jana. Katika mashairi hayo alimtukana kwa weusi wake na kwa utumwa wake wa zamani. Mashairi hayo hayakupotea. Ni maarufu, na yamehifadhiwa na watu wengi hadi leo kwa ajili ya uzuri wa fani yake.

Tufanyeje na mshairi wa namna hii? Njia moja ni kumsifu na kunyamaza, na ndiyo njia ya wengi wanaoandika juu ya mtaa huu. Njia ya pili ni kumtupa. Mimi sioni kuwa mojawapo ya njia hizo ni ya mhakiki. Mwenye kusema kuwa fani ni nzuri na maudhui hayatuhusu amesahau kwamba uzuri wa fani ndio uliolifikisha tusi hilo kwetu baada ya miaka elfu. Lingetungwa vibaya, lingekufa siku ileile. Kwa hiyo fani hapa si pambo. Ndiyo chombo kilichoibeba dharau, na mhakiki hana budi kuvitazama vyote viwili kwa pamoja.

Lakini na tutazame meza ya muuza vitabu. Karne moja kabla ya Mutanabbi, al-Jahiz, yule wa kukodi maduka usiku, aliandika kitabu kizima cha fahari ya watu weusi juu ya weupe. Al-Jahiz mwenyewe anasemekana kuwa na asili ya Afrika kwa upande wa babu yake. Katika kitabu hicho aliwapa watu wa Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliwaita watu wa pwani yetu, nafasi ya kuzitoa hoja zao wenyewe. Wako wataalamu wanaodai kuwa aliandika nusu kwa mzaha, na ni kweli kwamba mahali pengine aliandika maneno yasiyowapendeza Zanj. Haidhuru, hoja zimeandikwa na zasomeka. Tena tukumbuke kuwa mwaka 869 watumwa walioitwa Zanj waliwaasi mabwana zao kusini mwa Iraki, na maasi yao hayakuzimwa mpaka mwaka 883. Kwa hiyo suala la mtu mweusi halikuwa mchezo wa maneno katika nchi ile.

Wala si weusi wa Kafur tu uliomletea Mutanabbi wapinzani. Tangu zama zake, al-Sahib ibn Abbad aliandika kijitabu cha kuanika makosa yake ya ushairi. Kisha kadhi mmoja, al-Jurjani, akaandika kitabu cha usuluhishi baina ya Mutanabbi na mahasimu wake, akipima makosa na mazuri kama apimavyo hakimu. Na mwisho wa mshairi ulikuwa ni jibu la namna nyingine. Mwaka 965, akirejea Iraki kutoka Uajemi, aliuawa njiani si mbali na Baghdad na jamaa wa mtu aliyekuwa amemkashifu kwa shairi.

Basi jina la Mutanabbi si taji lililovikwa mtaa huu. Ni shairi la kwanza katika malumbano, na mahali panapouzwa diwani yake ndipo panapopaswa kuuzwa na majibu yake. Anayetaka kumwondoa Mutanabbi mezani ataondoa pia sababu ya kumsoma al-Jurjani, na anayetaka kumwacha Mutanabbi peke yake amegeuza meza kuwa altare.

“Baghdad Husoma”

Kuna msemo unaopendwa sana katika nchi za Kiarabu: Kairo huandika, Beirut huchapa, Baghdad husoma. Wapenzi wa Mtaa wa Mutanabbi huurudia kwa furaha. Kwa maoni yangu ni sifa yenye sumu ndani yake, kwa sababu yamgawanya mwandishi na msomaji kama kwamba ni watu wa makabila mawili. Kusoma kwa kweli huzaa kuandika, na Baghdad yenyewe ni ushahidi.

Mwaka 1947 Nazik al-Malaika, mwanamke kijana wa Baghdad, alitunga shairi juu ya kipindupindu kilichokuwa kinawaua watu wa Misri. Katika shairi hilo aliuacha mpango wa kale wa beti zenye mistari iliyogawanyika katika nusu mbili zilizo sawa na kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka huohuo Badr Shakir al-Sayyab akatoa diwani yake ya kwanza iliyokuwa na jaribio kama hilo. Baadaye wakabishana ni nani aliyetangulia, na wahakiki wakabishana kama ni ushairi hata kidogo. Jambo la kuwafurahisha walimu ni hili: Nazik, al-Sayyab, na mwenzao Abd al-Wahhab al-Bayati, wote walisoma katika Chuo cha Juu cha Ualimu cha Baghdad. Mageuzi makubwa kabisa ya ushairi wa Kiarabu katika karne ya ishirini yalitoka kwa watu waliokuwa wakiandaliwa kushika chaki.

Mimi ni mtu wa vina na mizani. Nilifunzwa kuwa shairi lisilo na vina ni sawa na mtu asiye na mifupa, na niliposoma Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichochapishwa mwaka 1974, nilikuwa upande wa waliosema kuwa hayo ni mapokeo ya Kizungu yaliyovishwa kanzu. Hoja yetu ilikuwa kwamba mashairi huru yametoka Ulaya, basi si yetu. Habari za Baghdad hazikunigeuza, lakini zimenilazimisha kuitengeneza hoja yangu upya. Maana Nazik hakuvunja kila kitu. Aliihifadhi mizani ya kale katika kipande chake kidogo kabisa, kile kinachojirudia ndani ya mstari, akajipa uhuru wa kuamua mstari mmoja ubebe vipande vingapi. Kisha mwaka 1962 akatoa kitabu cha uhakiki ambamo aliwaonya vijana waliokuwa wameupita mpaka aliouchora yeye. Yaani huyo mvunja sheria alitunga sheria.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mshairi wa mtindo mpya si kama ameacha vina. Swali ni ameweka nini mahali pa kile alichokiacha. Mulokozi na Kahigi walikwisha kulijadili suala la namna hii kwetu katika Kunga za Ushairi, na Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuuweka upande wa mapokeo katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Mwanafunzi anayepewa kimojawapo tu cha vitabu hivyo amepewa nusu ya malumbano. Na hapa ndipo mtaa unapotufundisha. Katika mtaa uliopewa jina la bingwa wa mizani ya kale, diwani za waliouvunja mpango huo huuzwa sako kwa bako na diwani yake. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo wala aliyekataza. Mnunuzi ndiye hakimu.

Miaka ya Dhiki

Upande mmoja wa mtaa huu hausifiwi sana, labda kwa sababu hauna fahari. Agosti 1990, baada ya jeshi la Iraki kuivamia Kuwait, Umoja wa Mataifa uliiwekea Iraki vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi mwaka 2003. Thamani ya fedha ilianguka, na mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi chakula cha wiki chache. Walimu, wahadhiri na waandishi wakaanza kupeleka vitabu vyao Mtaa wa Mutanabbi. Hawakuvipeleka kuvionyesha, walikwenda kuviuza. Maktaba zilizokusanywa kwa miaka thelathini zikatandazwa barabarani kitabu kimoja kimoja.

Mwenye kupenda vitabu anajua uchungu wa jambo hilo. Miaka kadhaa iliyopita, kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya njia mjini Dar es Salaam, nilinunua nakala ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Ndani yake mlikuwa na mhuri wa maktaba ya shule, ambayo sina haja ya kuitaja, na pembeni ya ukurasa mmoja palikuwa na maandishi ya penseli ya mwanafunzi aliyeuliza swali la maana sana juu ya neno moja la Kimvita. Nilikasirika kwanza kwa ajili ya mhuri. Baadaye nikatambua kwamba swali lile la penseli lilikuwa limenifikia mimi kwa sababu tu kitabu kilitoka katika kabati lililofungwa. Sihalalishi wizi wa vitabu vya shule. Nasema kwamba kitabu kilichouzwa kwa dhiki bado kinasafiri, na huko kiendako hukutana na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa Baghdad. Kijana maskini ambaye asingeweza kununua kitabu kipya kutoka nje alikipata kile cha mwalimu wake. Pamoja na hayo, palikuwa na vitabu vilivyopigwa marufuku na utawala wa Saddam Hussein. Hivyo vilitolewa nakala kwa mashine za fotokopi, vikapitishwa kwa siri kutoka mkono hadi mkono, na waliofanya hivyo walihatarisha maisha yao. Kazi ya warraq wa kale, kunakili na kuuza, ilirudi katika sura mpya. Utawala ulipoanguka Aprili 2003, vitabu hivyo vilitokea hadharani. Lakini katika mwezi huohuo Maktaba ya Taifa ya Iraki iliporwa na kuchomwa moto, na hazina kubwa ya vitabu na nyaraka ikateketea. Tuziweke habari hizi mbili pamoja. Vitabu vilivyolindwa mahali pamoja viliungua mahali pamoja, na vile vilivyotawanyika majumbani na barabarani, vingi vilisalimika. Sisemi kuwa taifa lisiwe na maktaba. Nasema kuwa maktaba inayotegemea kufuli peke yake haina ulinzi.

Sifa ya Damu

Tarehe 5 Machi 2007, bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka katika Mtaa wa Mutanabbi. Watu wapatao thelathini waliuawa na wengi wakajeruhiwa. Maduka yaliungua pamoja na vitabu, na karatasi zilizoungua zilitapakaa. Mkahawa wa Shabandar, uliofunguliwa mwaka 1917 na kuzoewa na washairi na wasomi kwa vizazi kadhaa, ulibomolewa, na mwenyewe akapoteza wanawe wanne na mjukuu. Mtaa ulifunguliwa tena Desemba 2008. Mkahawa nao ulijengwa upya, na picha za zamani zikarudi ukutani. Desemba 2021, baada ya ukarabati mwingine, mtaa ulizinduliwa ukiwa na taa na mawe mapya.

Dunia iliomboleza. Mshairi na muuza vitabu wa San Francisco, Beau Beausoleil, aliwaita washairi na wasanii wa nchi nyingi waitike, na mwaka 2012 kikatoka kitabu cha mkusanyo wa maandishi yao. Kazi hiyo ina utu, tena ilianzia katika nchi ambayo majeshi yake yalikuwa yameivamia Iraki mwaka 2003, jambo lililohitaji ujasiri. Sina neno juu ya nia yake.

Neno langu ni juu ya desturi iliyozuka baadaye, ya kuutaja Mtaa wa Mutanabbi kama kwamba ulizaliwa siku ile ulipolipuliwa. Maombolezo yana kawaida ya kumfanya marehemu awe mtu mwema asiye na sura. Mtaa unaolumbana, wenye Mutanabbi na wapinzani wake, wenye vitabu vya dini zilizotofautiana na vya wasio na dini, wenye vya Wakomunisti na vya maadui zao, hugeuzwa kuwa ishara moja tu ya amani. Msomaji akatokwa machozi, lakini asitaje hata kitabu kimoja kilichouzwa pale. Nionavyo mimi, huko ni kuuteketeza mtaa mara ya pili, ingawa kwa upendo. Heshima inayoufaa ni kusoma vilivyouzwa humo na kuvijibu. Mwenye mkahawa hakuyaacha mazungumzo yafe. Aliyafungulia mlango tena, na mazungumzo huwa na pande mbili.

Hitimisho: Neno kwa Walimu na Wanafunzi

Huenda msomaji akauliza haya yote yatufaa nini katika mkusanyo wa makala za utamaduni wa taifa. Jibu langu ni la mtumishi wa serikali aliyeandika nyaraka nyingi. Mtaa wa vitabu hauanzishwi kwa waraka. Mwaka 1932 serikali ya Iraki iliweza kuupa mtaa jina, na mwaka 2021 iliwezekana kuutia taa na mawe. Hayo ni mema, nayo ni kazi ya serikali. Lakini Saddam naye alikuwa serikali, na amri zake za kukataza vitabu zilishindwa na mtu mwenye fotokopi na mteja anayetaka kujua. Kinachoujenga mtaa ni mteja huyo, yaani msomaji anayekitafuta kitabu bila kuamriwa.

Na msomaji huyo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka shuleni, au huulia huko. Wengi wetu tumewaona vijana waliofaulu vizuri sana mtihani wa fasihi, na siku ya pili wakakigawa kitabu cha diwani kama mtu anayelipa deni. Walikisoma kwa sababu kimo katika orodha. Hawakupata kukiona kikijibiwa. Walifundishwa kwamba maudhui ya shairi ni matano, na fani yake ni hii na hii, na mshairi amefaulu. Hakuna aliyewauliza kama mshairi amekosea.

Mwalimu hahitaji kwenda Baghdad ili kulirekebisha hilo. Anaweza kuweka mezani vitabu viwili vinavyopingana, badala ya kimoja. Anaweza kuwataka wanafunzi walijibu shairi kwa shairi, kwa bahari ileile au kwa mtindo huru, mradi kila mmoja aeleze ameweka nini mahali pa kile alichoacha. Anaweza kutenga saa moja ya wiki, Ijumaa ikipendeza, ambapo vitabu vya nyumbani, hata vilivyochanika majalada, vitatandazwa juu ya mkeka chini ya mwembe, kila mtu achague apendacho na kubadilishana. Na mtoto akikaa na kitabu kwa muda mrefu bila kukiazima, asifukuzwe, maana huenda anakihifadhi.

Mimi nimeanza na hicho nilicho nacho. Nakala yangu ya Sauti ya Dhiki nimempa binti wa jirani aliye kidato cha tatu. Swali la penseli bado limo pembeni ya ukurasa. Chini yake niliandika jibu langu, nikaacha nafasi ya yeye kuandika lake.